Jenerali China na Kalamu ya Kiongozi wa Mashtaka

Waruhiu Itote, ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa jina la Jenerali China, alihukumiwa kunyongwa mjini Nyeri mwezi Februari 1954. Alifariki mwaka 1993. Kati ya hukumu na kifo chake ipo miaka 39, na ndani ya miaka hiyo aliwahi kuwa mfungwa, mwanafunzi wa Kiingereza, afisa mwanagenzi katika nchi ya kigeni, mtumishi wa serikali na mwandishi wa vitabu. Waandishi wengi waliosimulia maisha yake wamevutiwa na ushujaa wake vitani. Makala haya hayakusudii kuupuuza ushujaa huo, bali yanauliza swali jingine ambalo kwa maoni yangu halijaulizwa vya kutosha: mtu huyu aliponaje, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuamua apone ilhali wengine walioshtakiwa kwa makosa yale yale walipelekwa kitanzini?

Swali hilo linatuelekeza kwa mtu ambaye kwa kawaida hatajwi katika simulizi za vita, naye ni yule anayeandika hati ya mashtaka. Hakimu huonekana, amevaa joho lake na kuketi mahali palipoinuka. Mnyongaji naye huogopwa na kuimbwa. Lakini kabla ya wote hao, kuna afisa aliyekaa ofisini akachagua kosa gani liandikwe, na liandikwe dhidi ya nani. Pale ambapo sheria inaweka adhabu moja tu kwa kosa fulani, nayo ni kifo, afisa huyo anakuwa amekwisha kuhukumu kabla hakimu hajafungua kinywa.

Itote alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Kaheti, wilayani Nyeri. Elimu yake ya shule ilikuwa haba. Mwaka 1939 alikwenda Nairobi kutafuta riziki, akajaribu biashara ndogo ndogo, na mwanzoni mwa mwaka 1942 akajiunga na jeshi la KAR. Kwa sisi wanafunzi wa lugha jina la jeshi hilo lina mvuto wa pekee, kwani ndimo ilimokulia lahaja ile ya askari ambayo wanaisimu waliiita KiKAR. Itote alipelekwa Asia. Alikaa Ceylon, kisha akapigana Burma dhidi ya Wajapani katika eneo la mto Chindwin, akapanda hadi cheo cha koplo.

Katika kitabu chake cha kwanza, alichokitoa mwaka 1967, ameeleza jinsi safari hiyo ilivyomfumbua macho. Alikutana na Wahindi waliokuwa wakidai uhuru wa nchi yao, na Wamarekani weusi waliomdadisi kuhusu hali ya Mwafrika katika makoloni. Askari mmoja Mwingereza alitaka kujua kwa nini mtu asiye na nchi anayoweza kuiita yake mwenyewe apigane kwa ajili ya nchi ya wengine. Itote hakuwa na jibu. Aliporudi Kenya baada ya vita, alifanya kazi ya kuchochea moto katika magari ya reli, akafanya pia biashara ya makaa, akajiunga na chama cha KAU na lile kundi la vijana wa Nairobi walioitwa Anake a 40. Mwaka 1950 akala kiapo. Mwezi Agosti 1952, miezi miwili kabla serikali haijatangaza hali ya hatari, alikuwa amekwisha kuingia msituni.

Msitu aliouchukua ni ule wa Mlima Kenya. Hapa inafaa msomaji aikumbuke jiografia, kwa sababu simulizi nyingi za Mau Mau huishia Nyandarua, kwa Dedan Kimathi, kana kwamba upande wa pili wa nchi ulikuwa umelala. Msitu wa Mlima Kenya unauzunguka mlima kama kilemba. Ukitoka Nyeri na kuelekea kusini na mashariki, unapita juu ya Embu, kisha juu ya Chuka, kisha juu ya Imenti hadi Meru. Wapiganaji waliokuwa chini ya Itote, waliojiita Hika Hika, walipata chakula, habari na vijana kutoka katika wilaya hizo zote. Embu ilimtoa Jenerali Kubukubu. Meru iliwatoa Musa Mwariama na Baimungi Marete, ambao tutarejea kwao. Serikali nayo iliwafunga Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kundi moja, kwa vitambulisho, kwa amri za kutotoka nje, na kwa kizuizini.

Serikali ilijibu kwa bunduki na kwa sheria. Kwa amri za hali ya hatari, makosa ambayo awali yalikuwa na adhabu ya kifungo yaligeuzwa kuwa makosa ya kifo. Kuua kulikuwa na adhabu hiyo tangu zamani. Sasa iliongezwa kwa kumiliki silaha bila idhini, kumiliki risasi, kulisha viapo vya aina fulani, na kuwa pamoja na watu waliobeba silaha. Kuanzia Aprili 1953 zilianzishwa mahakama maalumu za kusikiliza kesi hizo kwa haraka. Jaji aliketi na wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga, wala hapakuwa na jopo la raia la kutoa uamuzi, kwani haki hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao.

Kosa hilo la mwisho lastahili kuangaliwa kwa jicho la mwanaisimu. Neno la Kiingereza lililotumiwa linaweza kufasiriwa kwa Kiswahili kama kutangamana, kuandamana, kushirikiana au hata kuchanganyika na watu. Kila moja ya tafsiri hizo ina kiwango chake cha hatia. Anayeshirikiana ana nia, anayeandamana huenda amelazimishwa, na anayechanganyika na watu huenda alikuwa akipita njiani tu. Sheria ilitosheka na neno moja pana kama wavu, ikamwachia mshtakiwa mzigo wa kueleza. Mama aliyepeleka chakula ukingoni mwa msitu, kijana aliyetekwa akabebeshwa gunia, na kamanda wa maelfu ya wapiganaji, wote waliweza kuingia katika neno hilo hilo.

Basi ni nani aliyechambua? Si jaji, kwa sababu akishamwona mtu ana hatia hakuwa na adhabu nyingine ya kutoa. Kiongozi wa mashtaka, chini ya Mwanasheria Mkuu, ndiye aliyekuwa na njia kadhaa mbele yake. Mtu mmoja aliyekamatwa juu ya Embu aliweza kushtakiwa kwa kosa la kifo, au kwa kosa dogo zaidi lenye kifungo, au asishtakiwe kabisa bali apelekwe kizuizini kwa amri ya Gavana. Njia hizo tatu zilianzia kwenye meza moja, na hapakuwa na sheria iliyomtaka mwenye meza aeleze kwa nini amechagua hii akaiacha ile. Tangu Oktoba 1952 hadi mwaka 1958 Waafrika 1,090 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua.

Kabla hatujafika siku ya kukamatwa kwa Itote, yatupasa tusimame Chuka, kwa sababu bila Chuka kesi yake haieleweki barabara.

Katikati ya mwezi Juni 1953, kikosi cha KAR, jeshi lile lile ambalo Itote alilitumikia Burma, kiliingia katika eneo la Chuka, wilaya ya Meru kama ilivyokuwa wakati huo, kuwasaka wapiganaji waliosemekana kujificha msituni. Aliyekiongoza ni Kapteni Gerald Griffiths, aliyekuwa akikaimu cheo cha meja. Askari walikuwa na mateka wawili wa kuwaonyesha njia. Mateka hao waliteswa. Mmoja alitobolewa sikio, waya ukapitishwa kwenye tundu, akaongozwa nao kama mnyama. Katika siku chache zilizofuata askari wa kikosi hicho waliwaua watu wapatao 20 wasiokuwa na silaha za kivita. Jambo linaloshangaza ni kwamba miongoni mwao walikuwamo homugadi, yaani wanakijiji waliojitolea kuilinda serikali hiyo hiyo dhidi ya Mau Mau. Hapakuwa na hoja ya kusema kwamba waliuawa vitani.

Jeshi lilichunguza, na Jenerali George Erskine, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika Kenya kushika uongozi wa majeshi, alipashwa habari. Mwezi Novemba 1953 Griffiths alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa shtaka la kuua. Lakini shtaka hilo halikuhusu watu wa Chuka. Lilihusu mfanyakazi mmoja wa msituni aliyepigwa risasi katika tukio jingine. Ushahidi ukayumba juu ya utambulisho wa marehemu, yaani kama mtu aliyetajwa katika hati ndiye kweli aliyepigwa risasi na mshtakiwa. Griffiths akaachiliwa. Baada ya kelele nyingi hadi bungeni London, alishtakiwa tena, safari hii kwa kuwatesa wale mateka wawili, na mwezi Machi 1954 akafungwa miaka 5 na kufukuzwa jeshini.

Kwa vifo vya watu wa Chuka hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kosa la kuua, awe afisa au askari wa kawaida. Hapa hakimu hakupewa nafasi ya kukosea wala ya kutenda haki. Kesi haikumfikia. Waendesha mashtaka wa jeshi walikuwa na maiti takriban 20 wenye majina na jamaa, wakachagua kuandika jina la mtu mwingine. Na walipoandika lililohusu Chuka, waliandika sikio wakaacha roho.

Nimesema mwezi Machi 1954. Mwezi huo huo ndio uliokuwa ukiamua maisha ya Waruhiu Itote.

Itote alikamatwa tarehe 15 Januari 1954, karibu na ukingo wa msitu upande wa Mathira, akiwa amejeruhiwa kwa risasi shingoni. Alihojiwa na Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekulia nyanda hizo na aliyeijua lugha ya Kikuyu kama wenyewe. Mahojiano yalichukua saa 68. Mwanzoni mwa Februari alifikishwa mahakamani Nyeri. Yeye aliyesemekana kuongoza maelfu, na ambaye vikosi vyake vilikuwa vimevamia vituo na kuua maadui, hakushtakiwa kwa kuua. Alishtakiwa kwa kuwa pamoja na watu wenye silaha na kwa kuwa na risasi. Kwa mtazamo wa kiongozi wa mashtaka uchaguzi huo ulikuwa na busara yake. Kuthibitisha mauaji kunahitaji mashahidi, maiti, tarehe na nia. Risasi mfukoni haihitaji lolote katika hayo, na adhabu ni ile ile. Tarehe 3 Februari akahukumiwa kunyongwa.

Zaidi ya miaka miwili na nusu baadaye njia hiyo hiyo ilitumiwa kwa Dedan Kimathi. Wale waliosoma Mzalendo Kimathi darasani huenda wakadhani kwamba kesi ya kweli ilihusu uongozi wake wote wa vita. La hasha. Mwezi Novemba 1956, mjini Nyeri, Kimathi alishtakiwa kwa kukutwa na bastola na risasi. Aliyeendesha mashtaka alikuwa D. W. Conroy, afisa wa ngazi ya juu kabisa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na aliyehukumu alikuwa Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Utetezi huo haukukubaliwa, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Bastola yake ilitosha, kama risasi za Itote zilivyotosha. Tofauti yao haikuwa katika hatia, maana sheria iliwaona sawa. Ilikuwa katika manufaa.

Itote aliyekuwa hai angeweza kuleta wengine. Wakati wa mahojiano yake serikali ilitambua kwamba mtu huyu anawajua makamanda wa Mlima Kenya, nao wanamsikiliza. Pendekezo likatolewa kwamba aandike barua za kuwashawishi wajisalimishe, naye asinyongwe. Gavana Evelyn Baring alikuwa na mamlaka ya kusamehe. Tarehe 4 Machi 1954 ikatangazwa kwamba hukumu ya kifo imebadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Walowezi walighadhibika, wakaona serikali imeiuza sheria. Walikuwa na sababu zao mbaya za kughadhibika, lakini katika jambo moja hawakukosea: huruma ile ilikuwa bei ya bidhaa, wala haikuwa na uhusiano wowote na swali la kama mtu anastahili kufa kwa ajili ya risasi.

Mazungumzo yakafanyika. Wajumbe walitoka msituni, General Tanganyika na General Kaleba wakiwa miongoni mwa waliohusika, na mwishoni mwa Machi wakakutana na maafisa wa serikali Nyeri. Mapema mwezi Aprili mapigano yakazuka kati ya askari na kundi la wapiganaji waliokuwa wamekusanyika ukingoni mwa msitu. Wengi wakauawa, imani ikavunjika, mpango ukafa. Itote hakurudishwa kitanzini. Hilo nalo lilikuwa ni hiari ya serikali, na kwa kuwa lilikuwa hiari, lingeweza kuwa kinyume chake.

Katika vijiji vya Embu na Meru habari hizo zilisikika vipi? Sina haja ya kubuni maneno ya watu wasiokuwepo kujisemea. Yatosha kusema kwamba katika majira hayo hayo wapiganaji wasio na vyeo, wasiojua siri yoyote ya kuiuza, waliendelea kuhukumiwa kwa risasi moja au mbili, au kwa kukutwa pamoja na wenye bunduki. Kamanda aliponea cheo chake. Aliyebeba gunia hakuwa na cheo cha kumponya. Mwadilifu yeyote, hata akiwa mfuasi wa Itote, ataona ugumu hapo; na naamini Itote mwenyewe, aliyeandika kwa uwazi juu ya mazungumzo hayo, aliuona.

Januari 1955 hiari ya kushtaki ilitanuliwa hadi ikamezа nchi nzima. Baring alitangaza msamaha wa pande mbili. Wapiganaji ambao wangejisalimisha hawangeshtakiwa kwa makosa ya kifo waliyoyatenda kabla ya tarehe ile, na kwa upande wa pili homugadi nao hawangeshtakiwa kwa makosa yao. Kwa tamko moja mafaili ya mauaji yaliyofanywa kwa jina la serikali yakafungwa. Mjane wa Meru ambaye mumewe aliuawa na homugadi, na mjane ambaye mumewe aliuawa na Mau Mau, wote waliambiwa kwamba hakuna kesi. Yawezekana msamaha wa aina hiyo ni dawa ya kumaliza vita. Lakini walioutoa hawakuwauliza wajane.

Tofauti hiyo ya vipimo iliendelea hata baada ya Itote kutoweka katika magazeti. Kambi za Mwea, ambazo wakati huo zilikuwa katika wilaya ya Embu, zilipokea mahabusu kutoka Manyani, na mwaka 1957 zikawa mahali pa kujaribia mbinu ya kuwavunja nguvu kwa kipigo. Mwanasheria Mkuu Eric Griffith-Jones, ambaye ofisi yake ndiyo iliyokuwa ikiamua nani ashtakiwe kwa kosa la kifo, mwezi Juni mwaka huo alimwandikia Gavana waraka wa kueleza mipaka ya kipigo kilichoweza kuruhusiwa kisheria. Mbinu hiyo ndiyo iliyozaa Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi wakafa huko, na hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo.

Wakati hayo yakitendeka Itote alikuwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa nchi, katika joto la Turkana. Huko alifungwa pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Ni picha ya ajabu: mzee ambaye mahakama ya Kapenguria ilimwona kiongozi wa Mau Mau, akimfundisha sarufi mtu aliyekuwa kiongozi wa Mau Mau kwa kweli, msituni, na bunduki mkononi. Vitabu vyote viwili vya Itote, cha 1967 na kile cha 1979, ni matunda ya darasa hilo.

Aliachiliwa mwaka 1962. Akapelekwa Israel kwa mafunzo ya uafisa, na mwaka 1964, Kenya ikiwa imepata uhuru, akawekwa katika uongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambako alitumika hadi alipostaafu mwaka 1984.

Wenzake wa Meru walipata sehemu nyingine. Uhuru ulipofika Desemba 1963, Mwariama na Baimungi walitoka msituni na wafuasi wao. Mwariama alipokelewa kwa heshima na Kenyatta, akaishi hadi mwaka 1989. Baimungi hakuridhika na masharti, kwa kuwa hakuona ardhi ambayo watu wake waliipigania. Serikali mpya ilitoa muda wa kusalimisha silaha, na muda ulipokwisha wale waliobaki msituni wakaitwa wahalifu. Januari 1965 Baimungi aliuawa na vyombo vya usalama vya nchi huru. Yeye hakuandikiwa hati ya mashtaka hata ya risasi moja. Hakuona jaji, wala wazee wa baraza, wala wakili. Tukilinganisha, hata ile kesi ya haraka ya Nyeri, pamoja na ubovu wake wote, ilimpa Itote nafasi ya kusimama na kusema. Tunapozungumza juu ya mipaka ya hiari ya kushtaki tusisahau kwamba serikali inaweza pia kuchagua kutoshtaki kwa sababu imechagua kuua.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya ukoloni na ya miaka ya mwanzo ya uhuru. Naomba aingie katika mahakama ya Embu au ya Meru leo. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 296, inatofautisha unyang'anyi wa kawaida, ambao adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 14, na wizi wa mabavu, ambao adhabu yake ni kifo. Kinachoutenganisha wa kwanza na wa pili ni kwamba mshtakiwa alikuwa na silaha ya hatari, au alikuwa pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au alimjeruhi aliyeibiwa. Vijana wawili walionyang'anya simu sokoni bila kisu wanaweza kuingia kundi la pili kwa sababu tu walikuwa wawili. Tunarudi pale pale kwa lile neno pana la kuwa pamoja, na kwa afisa anayechagua kifungu kipi akiandike.

Tofauti na zamani ni kwamba sasa mipaka imeandikwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 157, iliitoa kazi ya mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu ikampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, asiyepokea amri ya mtu. Ilimtaka azingatie maslahi ya umma na ya utoaji haki, na ajizuie kuutumia vibaya utaratibu wa sheria. Tena haruhusiwi kuondoa kesi bila idhini ya mahakama. Mwezi Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la kuua ni kinyume cha Katiba. Wafungwa wa wizi wa mabavu wakajaa matumaini, lakini mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu kosa la kuua peke yake. Kwa hiyo aliyeua alipata jaji mwenye hiari. Aliyeiba kwa mabavu akabaki na hiari ya yule aliyeandika hati. Hajanyongwa mtu Kenya tangu mwaka 1987, na marais wamebadilisha hukumu za maelfu kuwa kifungo cha maisha, zaidi ya 4,000 mwaka 2009 na 2,747 mwaka 2016. Ni rehema ile ile ya Baring kwa sura nyingine: haidaiwi mahakamani, na inakuja mkubwa apendapo.

Limebaki jambo moja katika maisha ya Itote ambalo halitajwi sana. Mau Mau ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwezi Agosti 1950. Uhuru ulipokuja marufuku hiyo haikuondolewa. Kwa miaka 20 Itote alivaa sare ya Huduma ya Vijana, akapokea mshahara wa serikali, akachapisha kitabu ambamo alikiri kwa jina lake kamili kwamba alikuwa jenerali wa chama kilichokuwa bado katika orodha ya vyama haramu. Hakuna kiongozi wa mashtaka aliyemgusa. Marufuku iliondolewa mwaka 2003, naye alikuwa kaburini kwa miaka 10.